Kuhamisha bila kugusa

Niliandika `git blame skl_scaler.c`, amri inayoonyesha kila mstari wa msimbo uliandikwa na nani na lini, nikabonyeza Enter, na safu ya kushoto ya funksheni niliyokuwa naisoma ikajaa jina moja na tarehe moja, kuanzia mstari wa juu mpaka wa chini: Dave Airlie, Februari 2021.

Nilikuwa namtafuta mwandishi wa mstari mmoja tu wa hesabu. Mstari wenyewe unatoa nusu ya pikseli, kisha unaofuata unarudisha kiasi kingine, na nilitaka kujua aliyeufikiria aliona nini kwenye skrini yake mpaka akaandika hivyo. Nikajibiwa kwamba funksheni nzima ilizaliwa siku moja, mikononi mwa mtu mmoja.

Haiwezekani.

Skela, yaani vipande vya maunzi vinavyokuza au kubana picha, za chipu za Intel ziitwazo Skylake ziliingia kwenye draiva ya Intel ya Linux mwaka 2015. Faili hili limekuja miaka kadhaa baadaye. Basi kilichofanyika Februari ile ni kuhamisha: msimbo uliokuwa umetawanyika kwenye mafaili mengine ulikusanywa ukawekwa pamoja. Kujua hivyo hakukunituliza. Kwa wiki kadhaa swali limekuwa likinirudia kazini, kwenye daladala, hata jikoni. Kazi isiyobadilisha pikseli hata moja kwenye skrini ya mtu yeyote, tena inayofunika njia ya kumfikia aliyeandika, ina faida gani?

## Skela ni chache

Laptopu yangu ni ya mtumba, Intel kizazi cha sita, yaani Skylake, zile ambazo ukipita Kariakoo unazikuta zimepangwa mezani kwa makumi. Skrini yake ni pikseli 1366 kwa 768. Nikiiunganisha na projekta ya zamani ya 1024 kwa 768 na kuagiza zote mbili zionyeshe kitu kilekile, projekta haina shida, inapokea picha ya ukubwa wake. Laptopu ndiyo yenye kazi. Picha ina upana wa pikseli 1024 na kioo kina 1366.

Usipoiambia kitu, draiva inaiweka picha katikati na kuacha pande mbili nyeusi, pikseli 171 kila upande. Ukiiandikia `xrandr --output eDP-1 --set "scaling mode" "Full"`, picha inajaa kioo chote, ila miduara inageuka mayai na kingo za herufi zinalegea. Anayefanya kazi hiyo ya kunyoosha si prosesa wala GPU. Ni skela, kipande cha maunzi kilichokaa karibu na mwisho wa safari ya picha, baada ya kumbukumbu na kabla ya waya wa skrini, kinachonyoosha au kubana pikseli zikiwa njiani.

Na skela ni chache. Ukishalishika hili, msimbo wote unaeleweka. Skylake ina paipu tatu za kupeleka picha. Paipu A na B zina skela mbili kila moja, na C ina moja tu. Wahitaji ni wengi kuliko hapo. Picha nzima inaweza kuhitaji kunyooshwa, kama kwenye kisa changu cha projekta. Kila tabaka la picha linaweza kuhitaji ya kwake, mathalani dirisha la video linaloonyeshwa kwa ukubwa usio wake. Tena kwenye maunzi ya familia ya Skylake video ya mpangilio wa NV12 inahitaji skela hata kama haikuzwi wala kupunguzwa, kwa sababu rangi zake zimehifadhiwa kwa nusu ya vipimo vya mwanga, na lazima kitu fulani kizipanue zilingane.

Kuna na hili. Kwenye Skylake, paipu yenye skela mbili ikiwa na mhitaji mmoja tu, skela ya kwanza inaingia katika hali ya ubora wa juu. Akija mhitaji wa pili, hali hiyo inaondoka.

Kwa hiyo msimbo wa skela kwa sehemu kubwa ni msimbo wa kugawa. Nani apewe, nani akataliwe, kwa ukubwa upi, kwa kiwango gani cha kubana, na saa ya maunzi inamudu kasi gani. Kuandika namba kwenye rejista, visanduku vya chipu vinavyopokea maagizo, ni hatua ya mwisho, nayo ndiyo fupi.

## Ulikokuwa

Kabla ya 2021 draiva hii ilikuwa na faili liitwalo `intel_display.c`, nalo lilikuwa limevuka mistari elfu kumi na tano. Aliyewahi kufungua faili la ukubwa huo anajua mwili unavyochoka kabla ya akili. Unatafuta jambo moja, unapita mshale wa kipanya, unapita saa za maunzi, unapita rangi, unapita vifaa vya miaka kumi iliyopita ambavyo bado vinaungwa mkono. Ukifika ulikokuwa unakwenda umeshasahau ulichotaka kuuliza.

Skela hazikuwa hata humo zote. Ombi la skela lilipokelewa kwenye `intel_display.c`. Ugawaji wenyewe ulikuwa `intel_atomic.c`. Kuandika rejista kwa ajili ya tabaka kulikuwa `intel_sprite.c`, na kuandika rejista kwa ajili ya picha nzima kulirudi tena `intel_display.c`. Mtu akitaka kujibu swali jepesi, mfano «video hii imenyimwa skela kwa sababu gani?», ilibidi afungue mafaili matatu na kubeba kichwani kilichomo katika kila moja.

Airlie alikuwa mmoja wa wasimamizi wa mfumo mzima wa michoro wa keneli, yaani kiini cha Linux, naye alikuwa mtu wa Red Hat, si mwajiriwa wa Intel. Katika kipindi hichohicho alivunja vipande kadhaa vya jabali lile: mshale wa kipanya ukapata faili lake, matabaka ya Skylake yakapata lao, skela zikapata lao. Jambo hilo lilinigusa tangu mwanzo. Mtu anayepokea kazi za watengenezaji wote wa chipu za michoro alikaa chini akahamisha msimbo wa kampuni moja, mstari kwa mstari, bila kuongeza uwezo wowote mpya ambao angeweza kuutaja mbele ya watu.

## «Mdogo wangu, usiiguse»

Nilimweleza dada mmoja kazini, aliyenitangulia kwa miaka mingi katika kazi hii. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Mdogo wangu, draiva inayofanya kazi usiiguse. Skrini ikizima, mtu hawezi hata kuusoma ujumbe wa hitilafu.»

Hoja yake ina uzito, nami sikuipuuza. Programu ya malipo ikianguka unaona kosa kwenye skrini. Skrini yenyewe ikianguka unaona weusi. Maunzi ya draiva hii ni ya vizazi vingi, na hakuna mtu mmoja mwenye kila modeli mezani. Funksheni ikihamishwa, kisha mtu akabadilisha mpangilio wa hatua mbili njiani kwa kudhani haidhuru, inawezekana hitilafu ionekane tu kwa mtu mwenye paipu C, skrini ya pili na video inayocheza, miezi mingi baadaye, katika mji ambao mwandishi hajawahi kuusikia.

Dada akaongeza la pili, na hilo ndilo lililonikaa zaidi. Alisema msimbo una sababu zake, na sababu hazimo zote ndani ya msimbo. Nyingine zimo kwenye ujumbe wa komiti, maneno ambayo mwandishi aliyaandika siku alipoingiza kiraka chake. Ukiuhamisha msimbo, msimbo unakwenda na maneno yanabaki nyuma.

Ndicho hasa kilichonipata. Nilikuwa natazama hesabu ya nusu pikseli bila maneno yake.

## Nusu pikseli

Njia ya kuyapata ipo, tena ni fupi: `git blame -C`. Kwa herufi hiyo moja Git inaacha kukubali kwamba mstari ulizaliwa pale unapouona. Inachungulia mafaili mengine yaliyoguswa katika komiti ileile, na ikiukuta mstari uliokuwa huko awali inaendelea kurudi nyuma nao. Nikaiendesha. Safu ya kushoto ikachanganyika majina na miaka. Mstari wangu ukatoka 2021 ukaenda 2018.

Nieleze kwanza hesabu yenyewe, maana bila hiyo ujumbe hauna ladha.

Skela inapokuza picha ya pikseli 1024 kuwa 1366, inalazimika kuamua pikseli ya kwanza ya kioo ichukue rangi kutoka sehemu gani ya picha ya asili. Kila pikseli ya kioo inafunika takriban 0.75 ya pikseli ya asili. Kwa hiyo kitovu cha pikseli ya kwanza ya kioo kiko 0.375 kutoka ukingo wa kushoto wa picha. Ila kwa maunzi haya sifuri si ukingo. Sifuri ni kitovu cha pikseli ya kwanza ya asili, ambacho kiko 0.5 kutoka ukingo. Toa 0.5 kwenye 0.375, unapata hasi 0.125. Hiyo ndiyo awamu ya kuanzia kwa upana. Kwa urefu, 768 inaingia 768, kipimo ni moja kamili, na awamu inatoka sifuri.

Kwenye msimbo hayo yote ni mistari miwili: anza na hasi nusu, kisha ongeza nusu ya kipimo. Hasi nusu imeandikwa `-0x8000`, kwa kuwa desimali za hapa ni za biti 16 kila upande wa nukta. Rejista haiipokei hasi, hivyo jibu likiwa chini ya sifuri draiva inaongeza pikseli nzima, na biti moja ya pembeni ndiyo inayoonyesha ni hali ipi kati ya mbili.

Sasa ujumbe wa 2018. Mwandishi anaeleza kwamba toleo lake la awali, la mwaka huohuo, lilianza na hasi nusu bila kuzingatia kipimo. Hakuliona kosa kwa sababu sehemu kubwa ya majaribio yake yalikuwa ya picha zilizokuzwa sana, na huko tofauti kati ya hasi nusu na awamu sahihi haionekani kwa urahisi.

Nikasimama hapo nikapiga hesabu upya. Kweli kabisa. Ukikuza picha mara nane, kipimo ni 0.125, nusu yake ni 0.0625, na awamu sahihi ni hasi 0.4375, karibu sana na hasi nusu. Picha isiyokuzwa kabisa, awamu sahihi ni sifuri, na hasi nusu inakuhamisha nusu pikseli nzima. Ukiibana mara mbili, awamu sahihi ni chanya nusu, na umekosea kwa pikseli kamili. Kosa linajificha palepale ambapo mtu angelitafuta, yaani kwenye picha iliyokuzwa mpaka kila pikseli ionekane kama kigae cha sakafu.

Hayo hayamo kwenye faili. Faili lina maelezo mazuri ya fomula, tena marefu kuliko desturi ya keneli: yanaeleza kitovu na ukingo, yanaeleza rangi za 4:2:0, kama zile za NV12, zinavyopaswa kusogezwa ziangukie mahali pake, na yanakiri kwamba kwa mpangilio fulani wa 4:2:2 maunzi hayatoi njia yoyote ya kuweka rangi sawasawa, yanarudia tu rangi ileile kwa pikseli mbili. Maelezo hayo yalihama pamoja na funksheni. Namna kosa lilivyojificha, na aina ya jaribio linalolificha, vimebaki kwenye ujumbe wa 2018, nyuma ya ukuta wa Februari 2021.

Na kwa mtu anayetaka kuigusa hesabu hii kesho, hicho ndicho cha kujua kabla ya kitu kingine chochote. Usijaribu kwa picha iliyokuzwa sana.

## Herufi moja iliyoachwa

Kilichonibadilisha mawazo kilikuwa kidogo mno, nami nilikipita mara kadhaa kabla ya kukitazama.

Ndani ya funksheni hiyo ya awamu kuna maelezo mengine, ya kuhakikisha namba haitoki nje ya mipaka. Yanasema maunzi yanapokea awamu kati ya hasi 0.5 na 1.5, na kwa kuwa kubana kukubwa kabisa ni mara 3, awamu haitavuka 1.0. Hesabu ni sahihi: nusu ya tatu ni 1.5, toa nusu, unabaki na moja. Lakini neno la Kiingereza la kuvuka limekosewa, limeandikwa `excdeed`. Lilikosewa hivyo 2018. Likahamishwa hivyohivyo 2021.

Mhamishaji angeweza kulisahihisha. Ni herufi tu, tena ndani ya maelezo, kompaila hata haiyasomi. Mtu mwenye kupenda usafi mkono ungemwasha. Nami nimeshaona viraka vingi vya kuhamisha ambavyo mhamishaji amenyoosha jina hapa, amepanga upya masharti pale, amefuta mstari aliodhani hautumiki, vyote kwa nia njema.

Lakini kwa sababu neno halikuguswa, `git blame -C` iliweza kulifuata. Kwa sababu funksheni ilihama ilivyo, mkaguzi aliweza kutumia `git diff --color-moved`, ambayo Git inayo tangu 2017, akaona mistari iliyohama ikipakwa rangi yake na chochote kilichobadilishwa kikibaki nje ya rangi hiyo. Mamia ya mistari yanakaguliwa kwa macho, na shaka inabaki kwenye michache. Mfamasia anayehamisha dawa kwenda rafu mpya habadilishi lebo siku hiyohiyo, hata ile iliyokosewa herufi, kwa kuwa kesho ikitokea dawa si yenyewe hakuna atakayejua kilichokosewa ni rafu au ni lebo.

Nikarudi kwa dada na hoja hii. Alifikiri, akasema: «Hapo sawa. Ukihamisha, hamisha. Ukisahihisha, sahihisha. Ila aandike alikoutoa.»

Nakubaliana naye kwa moyo wote, na ningeongeza: aandike alikoutoa kwa majina ya mafaili na ya funksheni. Ujumbe wa komiti usemao tu kwamba msimbo umekusanywa kutoka sehemu mbalimbali unatosha kwa anayeusoma wiki hiyo, aliyekuwapo. Kwa anayekuja miaka mitano baadaye hautoshi. Huyo huenda hajui kuwa `-C` ipo. Huenda anasoma kupitia ukurasa wa wavuti usio na `-C`, anaona tarehe moja, anaondoka akiamini kwamba hakuna cha kusoma zaidi.

## Meteor Lake ilipokuja

Basi faida iko wapi? Sikuiona mpaka nilipoyafuata mabadiliko yaliyokuja baada ya 2021.

Mwishoni mwa 2022 draiva ilikuwa ikiandaliwa kwa Meteor Lake, chipu mpya za Intel za wakati huo, na maunzi yake ya kuonyesha picha, toleo la 14, yalikuja na jambo jipya. Skela mbili za paipu moja hazilingani tena. Ya kwanza inaweza kubana picha kwa upana na kwa urefu, karibu mara tatu. Ya pili inabana kwa upana tu. Kwa urefu inaishia moja kamili.

Tazama linavyovuruga hesabu ya zamani. Awali draiva iliangalia kiwango cha kubana mapema, wakati tabaka linaandaliwa, kabla ya skela kugawiwa. Ilitosha, kwa kuwa skela yoyote utakayopewa ina uwezo uleule. Sasa jibu la «inawezekana kubana?» linategemea umepewa ipi, na wakati unauliza bado hujapewa.

Suluhisho lililoingizwa lilikuwa kuuliza mara mbili. Mara ya kwanza mapema, kwa kudhani hali iliyo bora kuliko zote, ili yasiyowezekana kabisa yakataliwe mlangoni. Mara ya pili baada ya ugawaji, kwa kiwango cha skela uliyopewa hasa. Ni wazo rahisi ukishalisikia, lakini kulifikia lazima uone kwa pamoja ombi linapopokelewa na skela inapogawiwa. Kwenye mafaili matatu mambo hayo yalikuwa mbalimbali. Ukitazama leo, ukaguzi ule wa pili na funksheni ya kugawa viko ndani ya `skl_scaler.c`.

Hapa lazima niseme jambo ambalo lilinishangaza. Uhamisho wa 2021 haukuichukua funksheni ya kugawa. `intel_atomic_setup_scalers`, ambayo kwangu ndiyo roho ya jambo zima, iliachwa kwenye `intel_atomic.c` na ilihamia kwenye faili la skela baadaye. Mwanzoni niliona ni kazi iliyoishia njiani. Sasa naona ilikuwa busara, au angalau ilileta matokeo ya busara: kilichokuwa wazi kilihamishwa kwanza, na kilichofungamana na mambo mengine kikasubiri mpaka akatokea mwenye sababu ya kukihamisha. Ningependelea kupanga upya msimbo kwa namna hiyo kuliko kwa ramani kubwa iliyochorwa siku moja na kutekelezwa kwa nguvu.

Mipaka ya ukubwa nayo imefuata mkondo huo. Skylake inapokea picha ya asili isiyozidi 4096 kwa 4096. Toleo la 11 la maunzi ya kuonyesha picha linafika upana wa 5120. Toleo la 12 linabaki na 5120 na kupandisha urefu hadi 8192. Kisha toleo la 14 linarudi chini, upana 4096. Zamani hizi zilikuwa namba zenye majina juu ya faili na mlolongo wa masharti chini yake. Siku hizi kuna funksheni ndogo zinazojibu swali moja moja: kubwa kabisa ni ipi, ndogo kabisa ni ipi. Kushuka huko kutoka 5120 hadi 4096 ni kitu ambacho jicho lingekiruka kwenye mlolongo wa masharti, maana sote tunategemea maunzi mapya yapande.

## Mlango wa pili

Unaweza kuona ugawaji kwa macho yako. Washa keneli na `drm.debug=0x4`, geuza skrini iwe 1024 kwa 768 iliyojaza kioo, kisha soma kumbukumbu za keneli. Kwenye mstari wa ombi la skela utaona 1024x768 kwenda 1366x768, na mwishoni orodha ya wahitaji iliyoandikwa kama namba: `0x80000000`. Ni biti moja tu imewashwa, ya 31. Matabaka yanachukua biti za chini, kila moja kwa namba yake, na picha nzima imepewa ile ya mwisho kabisa. Ugawaji unaanzia biti ya sifuri kupanda juu, na kila mhitaji anapewa skela ya kwanza iliyo wazi.

Sasa rudi kwenye Meteor Lake. Chukua matabaka mawili kwenye paipu moja. La chini ni video inayokuzwa. La juu yake ni dirisha kubwa linalobanwa kwa upana na kwa urefu. Video inatangulia kwa kuwa namba yake ni ndogo, inapewa skela ya kwanza, ambayo haiihitaji hasa, maana ya pili ingetosha kukuza. Dirisha linapewa ya pili, isiyoweza kubana kwa urefu. Ombi zima linakataliwa, na huku maunzi yangeweza kulitimiza kama wangebadilishana.

Walioandika wanalijua hilo. Ndani ya funksheni, juu ya masharti ya toleo la 14, wameacha maelezo yanayoanza na `FIXME` wakisema hasa hivyo: wakihitajika wawili na mmoja tu ndiye mwenye kubana, huyo ndiye apewe ya kwanza, ili tusikatae bila sababu.

Programu iliyo juu, ile inayopanga madirisha, haiyaoni maelezo hayo wala kumbukumbu za keneli. Inarudishiwa namba moja, `-EINVAL`, ileile ambayo ingerudishiwa kama ingeomba picha ya upana wa pikseli milioni. Haiambiwi kwamba skela zimekwisha, wala kwamba imepewa isiyofaa. Inachoweza kufanya ni kukata tamaa na skela, kuichora picha hiyo kwa GPU, na betri ikaisha mapema kidogo.

Nimeshaisoma funksheni ya kugawa kuanzia juu mpaka chini, pamoja na historia yake, kwa `-C`. Mahali pa kubadilishia napaona: ni kabla ya mzunguko kuanza kugawa, kuwapitia wahitaji mara moja kuona nani anabana kwa urefu. Sina Meteor Lake ya kujaribia. Msomaji mwenye nayo, na mwenye kupenda kazi ya namna hii, tuandikiane.